Pete ya Zambarau kwenye Maziwa ya Taifa

Ilikuwepo nchi moja, na kwa kuwa hakuna aliyetangaza kwamba imefungwa, huenda bado ipo. Iliitwa Jamhuri ya Mbwendo. Bendera yake ilikuwa nyeupe tupu, rangi ya maziwa, na kila ilipopepea mpakani majirani walidhani Mbwendo imesalimu amri tena.

Kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Mlezi Mkuu, na ng'ombe wake wa kwanza aliitwa Kanali Stahiki. Cheo hicho hakikuwa cha utani. Kanali alivaa nyota masikioni, mahali ambapo ng'ombe wa kawaida huvishwa namba, na nyuma yake walitembea walinzi wawili kwa mwendo wa gwaride, mmoja na bunduki, mwingine na beleshi. Yule wa beleshi ndiye aliyekuwa na kazi.

Mbwendo ilikuwa na sheria chache, na karibu zote zilihusu maziwa. Iliyotukuka kuliko zote ilikataza kuyachemsha. Mlezi Mkuu alieleza sababu katika hotuba ya saa tano ambayo kila mwanafunzi alilazimika kuikariri kabla ya kupewa uji: "Maziwa yetu hayajamkosea mtu. Kwa nini tuyachome moto?" Hakuna aliyepata jibu, hasa kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kulitafuta. Tangu siku hiyo sufuria zenye mifuniko zilisajiliwa wilayani, na askari wa mitaa wakapelekwa kozi ya miezi miwili ya kunusa madirisha.

Hata hivyo Mbwendo haikuwa nchi ya washamba. Ilikuwa na Maabara ya Taifa, na sheria ya kuianzisha ilikuwa na vifungu vitatu. Kifungu cha kwanza kiliagiza maziwa yote yapimwe. Kifungu cha pili kiliagiza yapimwe kwa uaminifu wa hali ya juu. Kifungu cha tatu kilitaja majibu yatakayopatikana.

Ndani ya maabara hiyo alifanya kazi mwanamke mmoja aitwaye Sikitu, ambaye kwa bahati mbaya alisoma kifungu cha pili akakiamini.

*

Imani hiyo hakuiokota barabarani. Alipewa na mtu.

Sikitu alifika maabara akiwa na miaka kumi na tisa, na aliyempokea alikuwa Dakta Lutengano, mzee mrefu mwenye masharubu mazito na goti la kushoto lililokuwa likimuuma tangu utotoni. Siku ya kwanza alimwekea mirija miwili ya kioo mezani.

"Tazama, mwanangu. Unaona nini?"

"Huu maziwa yake yana rangi ya zambarau kote, Mwalimu. Huu mwingine una pete tu, huku juu."

"Pete ni mbaya. Ukidondosha hii dawa ya zambarau kwenye maziwa mabichi, ukayaweka kwenye joto la mwili kwa saa moja, mafuta yanapanda. Kama ng'ombe ana brusela, mafuta yanapanda na rangi yote, yanafunga pete. Brusela humfanya ng'ombe atupe mimba. Mtu akinywa maziwa hayo anapata homa inayokuja na kuondoka kama mkaguzi wa bweni, na viungo vinamuuma mpaka uzeeni." Akaligonga goti lake kwa fimbo. "Kikombe kimoja. Nilikuwa na miaka minane."

"Na yakichemshwa?"

"Yakichemshwa, vijidudu vinakufa, na pete haitokei tena, hata kama ng'ombe ni mgonjwa wa kufa. Kwa hiyo kunywa yaliyopikwa, lakini usiyapime. Ni kumhoji mtu uliyemziba mdomo."

Alimfundisha mengi. Umeme ulipokatika, alimfundisha kuubana mrija kwapani na kukaa saa nzima bila kuinua mkono. Mara moja, mrija ukiwa kwapani, alikuja mgeni wa wizarani, na Dakta akamsalimia kwa mkono wa kushoto. Aliandikiwa barua ya onyo kwa utovu wa adabu dhidi ya serikali. Aliibandika ukutani, juu ya shahada yake.

Alimfundisha pia daftari. Kwenye daftari la matokeo hakuna kufuta. Ukikosea neno, unalipiga mstari mmoja kwa rula, ulionyooka, neno libaki likisomeka chini yake, kisha unatia sahihi pembeni. "Ili mtu ajue," alisema Dakta, "kwamba ulidhani hivi, na baadaye ukajua vingine."

Sikitu alimpenda mzee huyo kama baba. Binti yake Tupoki alipozaliwa, Dakta ndiye aliyempa jina, na mtoto alipoanza kuongea alimwita Babu. Miaka michache baadaye mzee alipandishwa cheo, akawa Mshauri Mkuu wa Mlezi Mkuu kuhusu Weupe. Sikitu alishangilia kuliko wote. Alidhani ukweli sasa umepata gari la serikali.

*

Kila mwaka Mbwendo iliadhimisha Siku ya Kikombe. Watoto arobaini kutoka Shule ya Bweni ya Taifa walipanda jukwaani na kunywa maziwa mabichi ya Zizi la Taifa, ili wananchi waone jinsi watoto walivyo na furaha, na watoto waone jinsi wananchi walivyo wengi.

Sherehe iliendeshwa kwa Mwongozo wenye kurasa mia nne na kumi na mbili. Ukimwacha mzee aliyeutunza, Sikitu alikuwa mtu pekee nchini aliyeusoma wote, kwa kuwa aliwahi kulazwa wodini na hapakuwa na kitu kingine cha kusoma. Alijua, kwa mfano, desturi ya ukurasa wa sitini: siku hiyo kila aliyefundishwa kazi humpigia magoti aliyemfundisha na kumpa kikombe kwa mikono miwili. Mwalimu anayekikataa kikombe anaikana elimu yake mbele ya watu. Alijua pia ukurasa wa mia mbili na saba: tone moja la maziwa likianguka kabla ya watoto kunywa, sherehe yote huanza upya, tangu wimbo wa taifa. Mwaka mmoja mtoto wa kwaya alipiga chafya karibu na jagi, na Siku ya Kikombe ikachukua siku mbili.

Mwaka huu Tupoki, mwenye miaka tisa, alichaguliwa kuwa mtoto namba moja. Aliandika barua kutoka bweni. *Mama, mimi ndiye nitakunywa kwanza. Matroni amesema nisitabasamu mpaka niambiwe.*

Wiki mbili kabla ya sherehe, Sikitu alipima maziwa ya Zizi la Taifa.

Pete ilikuwepo. Akapima tena kwa sampuli nyingine. Akapima mara ya tatu, akiomba awe yeye aliyekosea. Pete ilikaa juu ya maziwa, ya zambarau, mviringo safi, imetulia kama kiranja aliyekukamata.

*

Alipeleka mrija kwa Waziri wa Maziwa na Maadili, Mheshimiwa Malimbwi, mtu mnene aliyekuwa na tabia ya kumwamuru karani aandike kila alichosema, ikiwemo "pisha."

"Hii ni nini?" aliuliza Waziri.

"Ni pete, Mheshimiwa. Ni dalili ya ugonjwa."

"Ugonjwa wa nani?"

"Wa ng'ombe wa Zizi la Taifa. Nijue ni wangapi, inabidi nichukue damu ya kila mmoja."

"Na Kanali?"

"Na Kanali pia."

Waziri alimtazama kwa huruma. "Kanali hachomwi sindano na raia. Mpaka afikishwe kwanza mahakama ya kijeshi, na hana kosa." Akauinua mrija dirishani, akafumba jicho moja. "Mimi naona taji. Maziwa yamejivika taji kwa ajili ya sherehe. Karani, andika: yamejivika taji."

Karani aliandika.

"Mheshimiwa, ni watoto arobaini."

"Ndiyo maana tumeagiza vikombe arobaini."

Sikitu alijaza fomu ya kumwondoa Tupoki kwenye orodha. Ilirudishwa siku hiyohiyo, kwa sababu ilikosa sahihi tatu: ya mkuu wa shule, ya Spika wa Bunge, na alama ya kwato ya Kanali.

Jioni alikuwa bado amesimama kwenye ngazi za wizara, fomu mkononi, aliposikia fimbo ikigonga sakafu. Dakta Lutengano alikuwa akishuka polepole, goti likimsumbua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sura ya mtihani?"

Alimweleza yote. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, kisha akanyoosha mkono. "Nipe chupa ya sampuli. Nitaipima mwenyewe hapa makao makuu, mbele yao. Pete nikiionyesha mimi hawataiita taji."

"Wakikataa je?"

"Niachie mimi."

Sikitu aliitoa chupa mkobani akampa, ikiwa na karatasi aliyoandika kwa mkono wake: *Mabichi. Zizi la Taifa. Yasiguswe moto.* Alirudi nyumbani akiwa mwepesi, akalala usingizi wa mtu aliyemkabidhi mwingine mzigo.

*

Majibu ya makao makuu yalitoka baada ya siku mbili, yakiwa na mihuri sita. Pete haikuonekana. Maziwa ya Taifa yalikuwa safi, na kwa nyongeza yalikuwa na uzalendo wa asilimia tisini na nane. Sahihi ilikuwa ya Dakta Lutengano.

Sikitu aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Kisha akaenda wizarani, na badala ya kupanda ghorofani akafuata harufu.

Harufu ilikuwa ya maziwa yanayochemka. Ilimpeleka mwisho wa korido, kwenye mlango ulioandikwa BUSTANI. Ndani hapakuwa na ua hata moja. Palikuwa na majiko kumi na mawili, sufuria kumi na mbili, na mwanamke mfupi mwenye mwiko, Mama Nsia.

"Funga mlango, mwanangu, wasinuse."

"Mama, hapa wizarani mnachemsha maziwa?"

"Sasa unadhani wanywe mabichi? Waheshimiwa wana matumbo ya waheshimiwa. Yakifika ghorofani hayajachemshwa, mimi sina kazi. Kwenye barua wameniandika mtunza maua."

"Kuna chupa ililetwa juzi. Ndogo, ya kioo."

"Niliichemsha."

"Ilikuwa na karatasi inasema isiguswe moto."

"Mimi karatasi sikuona. Niliona maziwa. Nikiona maziwa nachemsha, hata uyalete kwenye kiatu."

Sikitu aliketi kwenye kiti cha Mama Nsia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Lilikuwa kosa la jikoni tu. Katika nchi nzima, mahali pekee ambapo maziwa yasingeweza kukwepa moto ni wizara iliyokataza moto, na Mwalimu wake maskini alipima maziwa yaliyokwisha zibwa mdomo bila kujua. Alimkimbilia ofisini kwake kumpa habari njema.

Dakta alisikiliza, akalisugua goti.

"Kosa la jikoni," alisema hatimaye. "Loo. Lakini mihuri sita, Sikitu. Muhuri mmoja ningeweza kuurudisha. Sita hapana."

"Basi watoto watakunywa?"

"Watakunywa yaliyopikwa. Keni yao nitaipitisha jikoni kwa Mama Nsia alfajiri ya sherehe, mimi mwenyewe nikiwa nimesimama pale. Hakuna atakayejua. Tupoki ni mjukuu wangu, au umesahau nani alimpa jina?"

"Unaniahidi, Mwalimu?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Miaka kumi na mitatu, hata mara moja. Sikitu akaaga, akaenda zake.

*

Siku ya Kikombe ilipambazuka na jua kali. Uwanja ulijaa. Zulia jeupe lilitandikwa kutoka lango hadi jukwaani, na Kanali Stahiki alipita juu yake akitafuna, wananchi wakiwa wamesimama. Jukwaani kulikuwa na meza mbili. Ya juu, chini ya hema, ilikuwa ya viongozi kumi na wawili. Ya chini, juani, ilikuwa ya watoto arobaini waliovaa nyeupe, na mwanzoni kabisa alisimama Tupoki, bila kutabasamu, kwa sababu hakuwa ameambiwa.

Sikitu alikuwa kwenye orodha ya wanafunzi watakaowapigia magoti walimu wao, kwa hiyo alisimama hatua chache tu kutoka meza ya watoto. Vikombe vilikwisha miminwa. Kulikuwa na upepo mwembamba. Alivitazama.

Kila aliyewahi kuingia jikoni anajua kwamba maziwa yaliyochemshwa yakipoa hujifunika utando juu, ule unaonata kwenye mdomo. Vikombe vya watoto vilikuwa laini. Havikuwa na mkunjo hata mmoja.

Ameuchuja, alijiambia. Mwalimu ni mtu makini, ameuchuja wasije wakagundua.

Mama Nsia alipita na trei ya viongozi, amevaa kofia ya mtunza maua. Sikitu alimshika kiwiko.

"Mama, keni ya watoto mliichemsha alfajiri?"

"Nani aniambie? Nimeambiwa vikombe kumi na viwili vya hema. Dakta mwenyewe kanihesabia. Kaja na fimbo yake, kasimama mpaka vikachemka, kama siku ya ile chupa yako."

"Chupa yangu? Alikuwepo?"

"Si yeye aliyeileta. Akaibandua karatasi, akaitia mfukoni, akaniambia nichemshe mara mbili, ya kwanza haitoshi."

"Ulisema hukuona karatasi."

"Mwanangu, ukifanya kazi pale, kuna vitu unaviona ukiulizwa vizuri." Akamtazama usoni, akaishusha sauti. "Pole. Nilijua mnajuana."

Trei ikaenda hadi hemani, vikombe vikagawiwa. Sikitu aliinua macho mpaka kwenye hema. Dakta Lutengano alikuwa amekwisha onja. Alikuwa akiongea na Waziri Malimbwi, akicheka kwa adabu, na kwenye masharubu yake, upande wa kulia, ulining'inia uzi mweupe wa utando wa maziwa, ukipepea kidogo kila alipotoa pumzi.

Mlezi Mkuu alikuwa ukurasa wa mwisho wa hotuba. Baada yake walimu wangepewa vikombe, kisha watoto wangekunywa.

*

Mshereheshaji alipotaja jina lake, Sikitu hakuchukua kikombe alichoandaliwa kwenye trei. Alienda kwenye meza ya watoto akachukua cha kwanza.

"Mama, hicho changu," alinong'ona Tupoki.

"Najua."

Alipanda ngazi za hema, mtoto akimfuata nyuma kwa kuwa hakuna aliyemfundisha la kufanya kikombe chake kikitembea. Sikitu alipiga magoti mbele ya Dakta, akakiinua kwa mikono miwili. Kipaza sauti kilikuwa karibu, na sauti yake ikasikika mpaka kwenye viti vya nyuma.

"Mwalimu, pokea kikombe cha mwanafunzi wako."

Dakta alitazama ndani ya kikombe. Maziwa yalikuwa laini. Akamtazama Sikitu, na Sikitu akaona kwamba ameelewa.

"Usinifanyie hivi mbele za watu," alisema mzee bila kuchezesha midomo, kiganja juu ya kipaza sauti.

"Ni maziwa tu. Uliyapima."

"Goti langu unalijua."

"Nalijua. Ulikuwa na miaka minane. Yule pale ana tisa."

Uwanja mzima ulingoja. Sikitu pia alingoja, na kama mtu angemuuliza anangoja nini, angesema hivi: anywe, au akatae. Akinywa, basi angalau anagawana nao. Akikataa, watu wote wataona. Kwa mtu aliyewahi kubandika barua ya onyo juu ya shahada yake, hapakuwa na njia ya tatu.

Dakta alikipokea kikombe. Makofi yakapigwa. Alisimama kwa shida, akaegemea fimbo, akageukia umati kwa tabasamu ambalo Sikitu hakulijua.

"Ndugu wananchi," alisema, "mwalimu wa kweli huwatanguliza watoto." Akainama, akampa kikombe Tupoki. "Kunywa, mjukuu wangu. Sasa unaweza kutabasamu."

Tupoki alitabasamu. Alikishika kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akakipeleka mdomoni, na ukingo ulipogusa mdomo wa chini, mama yake alikipiga kofi.

Kikombe kilipaa, kikamwaga maziwa juu ya zulia, juu ya kiatu cha Waziri, na tone moja juu ya bendera, ambapo halikuonekana. Hapohapo Kanali Stahiki alifanya juu ya zulia jambo ambalo makanali hawafanyi, na yule wa beleshi akapiga hatua moja mbele, akasalimu, akaanza kazi.

"Karani," alisema Waziri kwa sauti nyembamba, "andika: pisha."

Hapo ndipo Mtunza Mwongozo, mzee aliyekuwa hajasemeshwa na mtu kwa miaka saba, alipoinuka na kitabu chake.

"Ukurasa wa mia mbili na saba," alitangaza. "Tunaanza upya."

Wakaanza upya. Wimbo wa taifa una beti kumi na tisa. Gwaride lilirudi langoni na Kanali akaingia tena. Mlezi Mkuu, ambaye hakuwahi kupewa nafasi ya kuhutubia mara mbili kwa siku, aliifurahia, akaongeza sehemu kuhusu ujana wake. Jua lilipanda. Ilipofika saa tisa alasiri vikombe vya watoto vilikuwa vimeganda mabonge, na ukurasa wa mia mbili na nane unakataza maziwa yaliyoganda kunywewa mbele ya bendera, kwa kuwa bendera haina mabonge. Vyote vikamwagwa shimoni kwa heshima za kijeshi. Watoto arobaini walirudi bweni wakiwa na njaa na wazima, wakilalamika.

Sikitu hakuyaona hayo yote. Alikuwa amekwisha ondolewa uwanjani na askari wawili waliofuzu kunusa.

*

Tume iliundwa kuchunguza kofi lile. Mwenyekiti wake alikuwa Dakta Lutengano, kwa kuwa alikuwa karibu zaidi na tukio. Tume ilimhurumia Sikitu. Iligundua kwamba mkono wake wa kulia una maradhi ya kurukaruka, na ikashauri asiguse kitu chochote cheupe cha serikali. Walimnyang'anya koti, funguo na kitambulisho. Daftari lake la matokeo hawakulitaka, na kichupa cha dawa ya zambarau alichokuwa nacho kwenye mkoba hawakukijua ni nini.

Jumamosi moja alasiri, Tupoki akiwa nyumbani kwa likizo, fimbo iligonga mlangoni. Dakta alikuja peke yake, bila dereva, amebeba chupa ya chai ya zamani, ile ile aliyokuwa akija nayo maabara.

Sikitu alimkaribisha kiti. Shikamoo haikutoka.

"Umekonda," alisema mzee.

"Nina nafasi ya kukonda."

Walikaa. Kuku alipita mlangoni, akatazama ndani, akaenda.

"Nilijua utakipiga," alisema Dakta. "Kile kikombe. Nakufahamu tangu una miaka kumi na tisa. Nilimpa mtoto kwa sababu nilijua utamwaga, na ukimwaga sherehe itaanza upya. Mimi nisingeweza kumwaga, Sikitu. Nafasi yangu unaijua. Tuliwaokoa pamoja, mimi na wewe."

Ilikuwa habari nzuri sana. Sikitu alihisi mwili mzima ukitaka kuiamini, kama mtu aliyesimama muda mrefu anavyotaka kiti.

"Na nisingemwaga?"

"Ungemwaga."

"Mwalimu. Na nisingemwaga?"

Dakta alilisugua goti lake. Alisema mvua za mwaka huu zimechelewa. Kisha akasukuma chupa mezani.

"Nimewaletea maziwa. Ya nyumbani kwangu, nimepewa ng'ombe kutoka Zizi. Mpe Tupoki, mwambie ni ya Babu."

"Yamechemshwa?"

"Kweli unaniuliza mimi hilo swali?" Alionekana kuumia. "Mimi huyu?"

Aliaga, akaondoka akichechemea, na Sikitu akamtazama mpaka alipokata kona.

Tupoki alitoka uani akanusa chupa. "Mama, nimimine?"

"Ngoja kidogo."

Hakutazama utando. Utando unaweza kuchujwa, na macho yanaona kinachotakiwa. Alichukua mrija mmoja uliobaki, akatia maziwa, akadondosha tone la zambarau, akaubana kwapani. Akakaa kwenye kiti kilekile alichokalia mzee. Maziwa yaliyochemshwa hayafungi pete hata kama ng'ombe ni mgonjwa wa kufa. Kama mzee aliyapitisha motoni, rangi itabaki imeenea kote, na yaliyobaki yote yanaweza kusamehewa polepole. Hakuomba zaidi ya hapo.

Jirani alikuja kuazima kinu, akamnyooshea mkono. Sikitu alimsalimia kwa kushoto.

"Mkono bado unarukaruka?" aliuliza jirani kwa huruma.

"Leo umetulia."

Saa ilipokwisha aliutoa mrija, akaufuta jasho, akauelekeza kwenye mwanga wa mlango. Tupoki alisogea akatazama pamoja naye.

"Ina pete," alisema mtoto. "Nzuri."

Sikitu alimwambia akamwage yote shimoni na kuosha mikono kwa sabuni. Kisha alifungua daftari la matokeo, akaandika tarehe, akaandika saa, akaandika *pete, kamili*. Penye jina la mwenye sampuli aliandika *Mwalimu wangu*.

Aliyatazama maneno hayo mawili kwa muda. Halafu akachukua rula, akalipiga la pili mstari mmoja, ulionyooka, neno likabaki likisomeka chini yake, akatia sahihi pembeni.